Shule ya Mataifa na Habari za Ulimwengu

Mwamba ngoma, walisema wazee wetu, ngozi huivutia kwake. Methali hii yafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila chumba kinachofundishwa historia. Taifa likisimulia vita ambavyo lilishinda, hukaa katika simulizi hiyo tangu asubuhi hata jioni. Likifika kwenye vita ambavyo lilishindwa, hupita mbio kama mtu apitaye penye makaburi usiku. Magazeti nayo, ambayo ni historia kabla haijapoa, huivuta ngozi vivyo hivyo.

Katika shule ya watoto wa taifa moja kosa hili halionekani upesi, kwa sababu wote huvuta upande mmoja. Lakini wakusanye katika darasa moja watoto wa mataifa yaliyopigana jana, au yatakayogombana kesho, na hapo mwalimu hawezi kufungua kinywa bila ya kuulizwa, "Nani amesema hivyo?" Nataka kueleza habari za shule moja iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto wa namna hiyo, na jinsi mambo ya ulimwengu yalivyobisha hodi mlangoni pake. Shule yenyewe iko mbali na Kenya. Lakini swali lililowakabili walimu wake latukabili na sisi, kila tufunguapo gazeti, redio au simu.

Geneva ni mji wa Uswisi uliojengwa kwenye ncha ya ziwa kubwa, pale mto Rhône unapotoka ziwani na kushika njia ya Ufaransa. Baada ya Vita Vikuu vya mwaka 1914 hata 1918, mataifa yaliyochoka kuzika vijana wao yalifanya chama cha kutunza amani, nacho kikaitwa Ushirika wa Mataifa. Ushirika ulianza kazi mwaka 1920, na makao yake yakawekwa Geneva. Shirika la Kazi la Kimataifa likahamia huko pia. Basi mji ule wa watu watulivu ukajaa makarani, madaktari, wanasheria na wakalimani kutoka nchi nyingi, nao walikuja pamoja na wake zao na watoto wao.

Watu wazima walikuwa na kazi ya kufanya. Watoto walikuwa na shida. Shule za Geneva zilifundisha kwa Kifaransa, na zilimtayarisha mtoto kuwa raia mwema wa Uswisi. Mtoto wa Kipolandi au wa Kimarekani, ambaye baba yake huenda angehamishwa baada ya miaka michache, angefanya nini? Wazazi na wataalamu wa elimu wakashauriana. Miongoni mwao alikuwamo Ludwik Rajchman, daktari wa Poland aliyesimamia kazi ya afya katika Ushirika, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa mfuko wa Umoja wa Mataifa wa kusaidia watoto, UNICEF, mwaka 1946. Alikuwamo pia Arthur Sweetser, Mmarekani. Nchi yake ilikataa kuingia katika Ushirika, lakini yeye aliutumikia katika idara ya habari. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia waandishi wa magazeti ya dunia kujua yanayotendeka Geneva. Si ajabu, basi, kuwa mtu ambaye chakula chake kilitoka katika habari alitaka mwanawe asome mahali ambapo habari zitapimwa.

Shule ilifunguliwa mwezi wa Septemba mwaka 1924. Ilianza katika nyumba ndogo iliyokuwa ya jamaa ya Adolphe Ferrière, mtaalamu wa elimu wa Uswisi, na wanafunzi wa kwanza hawakutimia kumi. Iliitwa Shule ya Kimataifa ya Geneva. Mwaka huohuo nyingine ilifunguliwa Yokohama, katika Japani, na hizi mbili huhesabiwa miongoni mwa shule za kimataifa za kwanza ulimwenguni.

Mwaka 1926 alifika hapo msichana wa Kihindi wa miaka minane. Mama yake, Kamala, alikuwa mgonjwa, na baba yake, Jawaharlal Nehru, alikuwa amemleta Uswisi kwa matibabu. Msichana huyo aliitwa Indira. Miaka 40 baadaye, mwaka 1966, alikuwa Waziri Mkuu wa India. Baba yake alifungwa na Waingereza mara nyingi kwa sababu ya kudai uhuru, na kati ya mwaka 1930 na 1933 alimwandikia binti yake kutoka gerezani barua karibu 200 juu ya historia ya dunia nzima. Barua za mwisho zilifika mpaka mambo ya siku zilezile alizokuwa akiziandika. Nehru hakuwa na maktaba gerezani, ila vitabu vichache na daftari za maandishi yake. Lakini hakutaka mtoto wake ajue historia ya Uingereza peke yake, wala ya India peke yake. Alichokifanya baba yule kwa barua ndicho walimu wa Geneva walichokuwa wakijaribu kukifanya kwa chaki.

Mwaka 1929 uongozi wa shule ulishikwa na bibi wa Kifaransa, Marie-Thérèse Maurette, akaushika kwa miaka 20. Mume wake alikuwa mtaalamu wa jiografia katika Shirika la Kazi, na baba yake, mzee Paul Dupuy, alifundisha jiografia shuleni hapo. Njia yao ya kufundisha yastahili kuelezwa, kwa kuwa ni nyepesi na haina gharama kubwa. Aghalabu mtoto huanza jiografia kwa ramani ya nchi yake, ikiwa katikati ya karatasi na kupakwa rangi nzuri kuliko zote. Nchi za jirani huwa ukingoni, na dunia iliyobaki huja mwishoni kama masazo. Wao waligeuza mambo. Mtoto alianza na tufe mkononi. Aliona bahari jinsi ilivyo kubwa, akaona milima, majangwa na mito. Akajifunza mahali penye mvua na mahali pasipo mvua, na watu wanavyoishi kwa sababu hiyo. Mipaka ya nchi ilikuja nyuma. Kwa njia hiyo mtoto alifahamu kuwa mto ulikuwapo kabla ya mpaka, na kuwa mpaka ni mstari uliochorwa na watu, ambao watu wenyewe huweza kuusogeza, kwa heri au kwa shari.

Historia nayo ilisomeshwa kwa namna hiyo. Badala ya kumpa mtoto wafalme wa nchi moja mmoja baada ya mmoja, kama shanga katika uzi, walimu waliziweka nchi sambamba: wakati mambo haya yalipotendeka Ulaya, nini kilikuwa kikitendeka China, na nini India? Na wanafunzi wakubwa walikuwa na somo la mambo ya kimataifa, ambamo shida za ulimwengu wa siku zile ziliingizwa darasani na kuchunguzwa kama zilivyochunguzwa shida za kale.

Hapa ndipo penye ugumu. Ni rahisi kuwa mwadilifu juu ya vita vya miaka 500 iliyopita. Waliouawa hawana jamaa darasani. Lakini habari za leo zina jamaa. Zina baba aliyerudi nyumbani jana usiku kutoka barazani akiwa amekunja uso. Na katika miaka ya 1930 habari zilikuwa mbaya. Mwaka 1931 Japani iliivamia Manchuria. Mwaka 1933 Japani ilitangaza kujitoa katika Ushirika, na Ujerumani, iliyokwisha kuwa chini ya Hitler, ikafuata. Kisha ikaja habari iliyolihusu bara letu kuliko zote, nayo ni ya Ethiopia, nchi ambayo wazee wa pwani waliiita Uhabeshi. Tuisome habari hiyo kama inavyopasa kusomwa katika darasa la mataifa.

Tarehe 3 Oktoba mwaka 1935 majeshi ya Italia yalivuka mpaka na kuingia Ethiopia. Huo ni ukweli ambao pande zote ziliukubali. Kutoka hapo, kila mwamba ngoma alivuta kwake.

Serikali ya Roma ilisema kuwa Ethiopia ilikuwa nchi ya utumwa, isiyostahili kukaa pamoja na mataifa yaliyostaarabika, na kuwa Italia ilikwenda kupeleka ustaarabu. Mwanafunzi mvivu angesema hayo yote ni uongo, akafunga daftari. Mwanafunzi makini angeona kuwa utumwa ulikuwapo kweli katika Ethiopia, na kuwa Ethiopia yenyewe iliahidi kuukomesha ilipoingia katika Ushirika mwaka 1923. Lakini angeendelea kuuliza. Je, jeshi huja na mizinga na ndege kwa ajili ya kufungua watumwa? Mbona Italia haikusahau Adwa, pale jeshi lake liliposhindwa na Waethiopia mwaka 1896? Mbona ilikuwa ikizungumza juu ya ardhi ya kuwapa walowezi wake? Hapo angejifunza jambo kubwa: neno la kweli huweza kutumiwa kama kifuniko cha tendo baya, wala ukweli wa neno hausafishi tendo.

Serikali za London na Paris zilisema zitaitetea sheria ya Ushirika. Mwezi wa Novemba Italia iliwekewa vikwazo vya biashara. Lakini mafuta, ambayo ndiyo damu ya magari na ndege za vita, hayakuzuiwa, na Mfereji wa Suez uliachwa wazi, meli za askari zikapita. Dola hizo mbili ziliogopa kuisukuma Italia mikononi mwa Hitler. Mwezi wa Desemba mawaziri wao, Samuel Hoare na Pierre Laval, walifanya mpango wa siri wa kuipa Italia sehemu kubwa ya Ethiopia. Magazeti ya Paris yakaufichua mpango huo. Watu wa Uingereza wakakasirika, na Hoare akalazimika kujiuzulu. Ambaye huwadharau waandishi wa magazeti wote na akumbuke siku hiyo. Kwani bila ya gazeti siri ile ingalibaki siri mpaka kazi imekwisha.

Addis Ababa ilisema neno moja tu: sisi ni wanachama kama ninyi, na mliahidi kwamba atakayemshambulia mmoja amewashambulia wote.

Na Waafrika waliokuwa ughaibuni walisema nini? Katika London alikuwako mtu wa Kenya, mwanafunzi wa elimu ya mila na desturi za watu katika London School of Economics. Jina lake ni Jomo Kenyatta. Yeye na wenziwe waliunda chama cha marafiki wa Uhabeshi, naye akawa katibu wa heshima. Aliandika makala katika jarida la Kiingereza kuwaonya wakoloni waiache Ethiopia. Mwaka 1936, Mfalme Haile Selassie alipofika London akiwa mkimbizi, Kenyatta alikuwa miongoni mwa watu waliokwenda kumlaki katika stesheni ya Waterloo. Kwake yeye, habari za Ethiopia hazikuwa habari za nchi ya mbali. Alikuwa akisoma ndani yake swali la nchi yake mwenyewe.

Jambo moja katika vita vile lafaa kutazamwa peke yake, kwa kuwa latufundisha muda ambao habari yaweza kuchukua kabla ya kukubaliwa. Mwaka 1925, katika mji huohuo wa Geneva, mataifa yalitia sahihi mkataba wa kukataza gesi ya sumu vitani, na Italia ikaukubali. Hata hivyo ndege za Italia zilimwaga sumu hiyo juu ya askari na watu wa vijiji vya Ethiopia. Madaktari wa Msalaba Mwekundu waliwatibu walioungua ngozi. Ethiopia ilishtaki, na Italia haikukiri. Watoto waliozaliwa mwaka ule walikua, wakazeeka, na katika Italia bado walikuwako watu walioshikilia kuwa gesi haikutumiwa. Mwaka 1996 ndipo Wizara ya Ulinzi ya Italia ilipokubali hadharani kuwa ilitumiwa. Ilikuwa imepita miaka 60. Mwenye kuamua kila habari kwa siku moja, kwa kuwa fulani amekana au fulani amepaza sauti, na aifikiri miaka hiyo 60.

Addis Ababa ilitekwa tarehe 5 Mei mwaka 1936. Tarehe 30 Juni, Haile Selassie alisimama mbele ya Baraza la Ushirika katika Geneva. Alipotaka kuanza kusema, waandishi wa magazeti wa Kiitalia waliokuwa ukumbini walipiga miluzi na kelele ili asisikike, hata wakatolewa nje. Basi hata watu wa habari walikuwapo waliofanya kazi ya kuzuia habari. Mfalme alingoja kimya. Kisha akasema kwa Kiamhari, akaeleza habari ya gesi, akaukumbusha Ushirika ahadi yake. Wajumbe walisikiliza. Mwezi wa Julai vikwazo juu ya Italia viliondolewa.

Waethiopia wengi walikimbilia kusini, na baadhi yao waliwekwa katika kambi ya wakimbizi Isiolo, katika Kenya. Miaka mitano baadaye, katika Vita Vikuu vya Pili, jeshi lililoanzia Kenya, ambamo walikuwamo askari wa King's African Rifles, lilipita Somalia na kuingia Addis Ababa mwezi wa Aprili mwaka 1941. Tarehe 5 Mei mwaka huo Haile Selassie alirudi katika mji wake mkuu. Kwa hiyo habari iliyosomwa Geneva kama jambo la sheria ilisomwa Isiolo kama jambo la njaa na mahema, na katika nyumba nyingi za Kenya ilisomwa kama jambo la mtoto aliyekwenda vitani. Habari ni moja. Wasomaji wake hawasimami mahali pamoja.

Ushirika wa Mataifa haukupona. Ulivunjwa rasmi mwezi wa Aprili mwaka 1946, na Umoja wa Mataifa ukachukua nafasi yake. Lakini jambo la kufikiriwa ni hili: baraza kubwa lilianguka, na shule ndogo iliyozaliwa kwa sababu ya baraza hilo ikabaki imesimama. Mwaka 1947 wazazi waliofanya kazi katika Umoja wa Mataifa waliifuata mfano kwa kufungua shule ya kimataifa New York. Mwaka 1948 shirika la UNESCO lilichapisha maandishi ya Bibi Maurette, aliyoulizia kama kuna njia za kuwalea watoto kwa ajili ya amani. Hakujibu kwa maneno matamu. Alikuwa ameiona amani ikishindwa karibu na mlango wa shule yake. Alijibu kwa kueleza kazi ya kila siku: tufe, ramani, lugha mbili, historia ya watu wote, na kuwazoeza vijana kutumikiana.

Hata hivyo palikuwa na kikwazo ambacho tufe halikuweza kukiondoa, nacho kilikuwa mtihani. Wanafunzi waliokaa pamoja kwa miaka mingi walitengana walipokaribia kumaliza shule. Huyu alisomea mtihani wa Kifaransa, huyu wa Uswisi, huyu wa Kiingereza, huyu wa Kimarekani. Maana kila chuo kikuu kilidai cheti cha nchi yake. Na kila mtihani ulirudisha ngozi ya ngoma kwa mwambaji wake. Waliokuwa wanafunzi wa dunia wakawa tena wanafunzi wa mataifa, kila mmoja na vita vyake na mashujaa wake.

Mwaka 1962 walimu wa masomo ya jamii wa shule za kimataifa walikutana Geneva. Aliyekuwa mbele katika kazi hiyo alikuwa Robert Leach, Mmarekani aliyefundisha historia katika Shule ya Kimataifa. Wakauliza: je, yawezekana kutunga mtihani mmoja ambao mtoto wa kila nchi ataufanya? Somo lililojaribiwa mapema halikuwa hesabu, ambayo haina taifa. Lilikuwa historia ya siku za karibuni, yaani somo gumu kupita yote, kwa kuwa ndilo lililo jirani na magazeti. Kazi iliyoanza hivyo ilizaa mtihani uitwao Bakalorea ya Kimataifa, ambao ofisi yake ilianzishwa Geneva mwaka 1968, chini ya mkurugenzi Alec Peterson wa Uingereza. Leo hutahiniwa katika nchi nyingi za dunia.

Mambo mawili katika mtihani huo wa historia yanastahili kujulikana hata na mwanafunzi asiyeufanya. La kwanza ni kwamba katika sehemu yake moja mtahiniwa hupewa maandishi au picha za wakati uliopita: labda hotuba, labda barua, labda kibonzo cha gazeti. Haulizwi tu yanasema nini. Huulizwa yametoka kwa nani, yalitungwa kwa madhumuni gani, yana faida gani kwa mtafuta ukweli, na upungufu wake ni upi. La pili ni hili: katika taratibu zilizoanza kutahiniwa mwaka 2017, mwanafunzi anayeandika uchunguzi wake mwenyewe hakuruhusiwa kuchagua jambo lililotokea katika miaka 10 iliyopita. Walimu hawakusema kuwa habari za karibuni hazina maana. Walitaka mwanafunzi ajue kuwa habari ya leo ni kama udongo uliofinyangwa sasa hivi: waweza kuushika, waweza kuutazama, lakini usiuite chungu mpaka umechomwa.

Mambo ya Geneva yana upungufu wake, na haifai kuuficha, tusije nasi tukavuta ngozi. Shule iliitwa ya kimataifa, lakini ulimwengu wa mwaka 1924 haukuhesabu watu wote kuwa mataifa. Kutoka Afrika nchi zilizokuwa na kiti katika Ushirika mwaka huo zilikuwa tatu tu: Ethiopia, Liberia, na Afrika ya Kusini iliyotawaliwa na wazungu wachache. Tanganyika ilikuwa imewekwa chini ya Uingereza, na Ruanda-Urundi chini ya Ubelgiji, kwa idhini ya Ushirika wenyewe. Taarifa za utawala wa nchi hizo zilipelekwa Geneva na kusomwa mbele ya tume. Lakini ziliandikwa na watawala, na watawaliwa hawakuwa na kiti pale. Tena shule za namna hii hutoza ada ambayo wazazi wengi hawaimudu, na mtoto wa mpagazi hakai ndani yake mara nyingi pamoja na mtoto wa balozi. Shule yaweza kuwa na bendera 80 na bado ikakosa mtoto wa ng'ambo ya barabara.

Kwetu nako hatuwezi kujisifu upesi. Kabla ya uhuru watoto wa Kenya walisoma katika shule zilizotengwa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika. Walikuwa wakiishi katika nchi moja kama watu wa mataifa manne wasiojuana. Wengi walifanya mtihani uliotoka Cambridge, ng'ambo ya bahari. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, tume iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilishauri mwaka 1964 kuwa elimu iwe chombo cha kuwaunganisha wananchi, na milango ya shule ikafunguliwa. Kazi waliyoitaka walimu wa Geneva, ya kukalisha darasa moja watoto waliofundishwa kuogopana, imefanywa pia katika shule za kawaida za nchi hii, bila ya kuitwa kwa jina kubwa.

Na shule za kimataifa nazo zikaja Afrika ya Mashariki, kwa njia ileile iliyozileta Geneva. Mwaka 1969 shule ya kimataifa ilifunguliwa Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro, wakati hospitali kubwa ya mji huo ilipokuwa ikitayarishwa na wataalamu wakija pamoja na jamaa zao. Tangu mwaka 2019 imo katika jamii ya vyuo vya kimataifa viitwavyo United World Colleges. Mwaka 1972 Umoja wa Mataifa uliazimu kuweka Nairobi makao makuu ya shirika lake la mazingira, na mwaka 1976 ikaanzishwa Shule ya Kimataifa ya Kenya. Makao ya mataifa huleta wazazi. Wazazi huleta watoto. Watoto hudai shule.

Lakini, ewe mwanafunzi, njia yenyewe ya kusoma haihitaji ada wala bendera. Wako watu wasemao, "Lisemwalo lipo, na ikiwa halipo laja." Ni methali nzuri kwa mwenye kujihadhari, na ni mbaya kwa mwenye kutaka kujua, maana mengi yasemwayo hayapo, wala hayaji. Siku hizi habari humfikia kijana kabla hajanawa uso, nayo imekwisha kupita katika mikono elfu, na kila mkono umeivuta kidogo. Basi ifanye kazi ambayo ingefanywa katika darasa la mataifa.

Chukua daftari. Kila juma nakili humo habari moja tu ya nchi yako au ya nchi ya mbali, pamoja na tarehe yake. Chini yake andika nani ameieleza, alikuwa wapi ilipotokea, na angepata nini ikiwa wewe utaiamini. Itafute habari hiyohiyo kwa msemaji wa pili, ikiwezekana yule asiyempenda wa kwanza, uandike pale wanapokubaliana na pale wanapoachana. Itazame kwenye ramani. Kama darasani mwenu yuko mtu ambaye kwao ndiko inakosemwa, muulize kwa adabu, na umngoje amalize kusema. Kisha acha nafasi tupu ya mistari mitano.

Baada ya mwaka mmoja rudi kwenye ukurasa ule, uisome tena habari yako, na katika nafasi uliyoiacha uandike ni jambo gani lililothibitika na ni lipi lililoanguka. Utakuta mara nyingine ulidanganywa, na mara nyingine ulijidanganya mwenyewe kwa kuwa habari ilikupendeza. Usilirarue karatasi hilo. Litunze pamoja na mengine.